Shajara ya mradi: oda za mitungi ya gesi, emuleta kwanza, simu ya mkononi baadaye

Programu inayopimwa hapa ni ya Android, kwanza kwenye emuleta (simu ya kuigiza ndani ya kompyuta), kisha kwenye simu halisi. Watumiaji wake ni wateja wa gesi ya kupikia upande wa Temeke na Mbagala, pamoja na bodaboda wanaowapelekea mitungi ya kilo 6 na kilo 15. Mambo manne ndiyo yenye kazi: oda ipite hata mtandao ukisuasua, namba ya kuthibitisha isomwe yenyewe kutoka kwenye SMS, boda aonekane alipo, na muda wa kupelekewa uandikwe kwa saa za Kiswahili. Hatua ambazo kila mtu anazijua zimepitwa kwa mstari mmoja. Palipoharibika pameelezwa kwa kirefu, ili anayerudia kazi hii asilipe mara ya pili.

Vifaa: laptopu ya mtumba, Core i5 kizazi cha 8, RAM GB 8, SSD GB 256, Ubuntu 22.04. Seva ya majaribio imeandikwa kwa Python na inasikiliza mlango wa 8000 kwenye laptopu hiyohiyo. Jina la pakiti (kitambulisho cha programu) kwenye amri zote ni `tz.mfano.gesi`.

## 3 Machi 2025: emuleta yawaka

Kabla ya kumaliza bando kwa kupakua vitu vizito, endesha kwanza `emulator -accel-check`. Hapa ilijibu kwamba `/dev/kvm` (mlango wa KVM, sehemu ya Linux inayoipa emuleta kasi) haipo. VT-x, uwezo wa kichakataji kubeba mashine za kuigiza, ilikuwa imezimwa kwenye BIOS, jambo la kuangalia mapema kwenye laptopu yoyote ya mtumba. Ilipowashwa likaja kosa la pili: mtumiaji hana ruhusa ya KVM. Dawa ni `sudo gpasswd -a $USER kvm`, kisha kutoka kwenye akaunti na kuingia upya. Kufungua dirisha jipya la terminali hakutoshi.

Simu za kuigiza zimeundwa tatu: `go27` (Android 8.1), `kati30` (Android 11) na `mpya35` (Android 15). Zote zimetumia faili za mfumo za aina ya Google APIs, si zile za Google Play. Sababu ni moja: zile zenye Google Play zinakataa `adb root` (`adb` huiamuru simu kutoka kwenye kompyuta, `root` ni mamlaka yote juu yake), na bila `root` huwezi kubadilisha saa ya simu kwa amri. Kazi ya saa inakuja mbele. Zile tupu zisizo na kitu chochote cha Google nazo hazifai, kwa kuwa kusoma SMS ya uthibitisho kunategemea huduma za Google Play zilizomo ndani ya simu.

Gharama: bando la TSh 15,000. Upakuaji wote ulikula GB 5 na kidogo.

## 5 Machi 2025: RAM haikutosha

Android Studio (ya kuandikia msimbo), Gradle (ya kuujenga uwe programu) na `mpya35` kwa pamoja kwenye GB 8 ni kama kupakia mitungi kumi kwenye boda moja. Kompyuta ilianza kuandika kwenye diski badala ya RAM, na kitufe kikibonyezwa kinaitika baada ya sekunde nne. Ukiwa katika hali hiyo huwezi kujua kama programu ndiyo nzito au kompyuta ndiyo imeelemewa, kwa hiyo vipimo vyote vya siku mbili hizo vimetupwa.

Yaliyosaidia, kwa mpangilio wa uzito: kuongeza RAM ya GB 8 (TSh 75,000, Kariakoo), kufunga Studio wakati wa kupima na kuwasha emuleta kutoka terminali kwa `emulator -avd kati30`, na kuibana Gradle kwa `org.gradle.jvmargs=-Xmx1536m`.

Kosa dogo lililofundisha: tuliweka `hw.ramSize=1024` kwenye `config.ini` ya `mpya35` tukitaka kuigiza simu dhaifu. Emuleta ikaandika kwenye kumbukumbu zake kwamba inapandisha RAM hadi MB 2048, ikaendelea na kazi kana kwamba haikuambiwa kitu. Matoleo mapya ya Android yana kiwango cha chini ambacho emuleta haikubali kushuka chini yake. Simu ya GB 1 inaigizwa kwa `go27` tu.

## 8 Machi 2025: seva haionekani

Ndani ya emuleta, `127.0.0.1` ni emuleta yenyewe. Kompyuta inayoibeba inaitwa `10.0.2.2`. Hilo linajulikana. Lisilojulikana sana ni kwamba baada ya kuweka `10.0.2.2` programu ilifanya kazi vizuri kwenye `go27` na kugoma kwenye nyingine mbili, kwa ujumbe huu:

`CLEARTEXT communication to 10.0.2.2 not permitted by network security policy`

Kuanzia Android 9, programu inayolenga toleo hilo au la juu yake haitumi data kwa `http` ya wazi isipokuwa imeruhusiwa kwa maandishi. `go27` ni ya kabla ya sheria hiyo, ndiyo maana ilinyamaza. Marekebisho ya haraka yanayoshauriwa kila mahali ni `usesCleartextTraffic="true"`. Usifanye hivyo. Yatasahaulika na yatatoka na toleo la wateja. Weka faili la usalama wa mtandao ndani ya `src/debug` (toleo la majaribio) pekee, likiruhusu `10.0.2.2` na `127.0.0.1`, basi.

Baadaye anwani ilibadilishwa tena ikawa `127.0.0.1` kwa msaada wa `adb reverse tcp:8000 tcp:8000`, kwa sababu njia hiyo inafanya kazi sawasawa kwenye emuleta na kwenye simu iliyochomekwa kwa waya. Tahadhari mbili: `reverse` inapotea kila emuleta inapozimwa, na emuleta mbili zikiwa hewani lazima utaje unayoitaka, mfano `adb -s emulator-5554 reverse ...`.

## 12 Machi 2025: mtungi mmoja, oda tatu

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote ya mradi, na emuleta ndiyo iliyolifichua.

Kupunguza kasi ya mtandao hadi ya EDGE (2G) ni amri mbili:

`adb emu network speed edge`
`adb emu network delay edge`

Ya pili inaongeza ucheleweshaji wa kati ya milisekunde 80 na 400. Mara ya kwanza hakuna kilichobadilika. Oda zilipita kwa kasi ileile. Emuleta ina laini ya simu na pia ina Wi-Fi yake inayoitwa AndroidWifi, na data ilikuwa inapita kwenye Wi-Fi. Tangulia na `adb shell svc wifi disable`, ndipo mwendo wa EDGE unaonekana.

Kisha ikatokea hivi. Mteja anabonyeza "Tuma oda". Kiduara kinazunguka. Baada ya sekunde 10 unatokea ujumbe: "Imeshindikana, jaribu tena." Anajaribu tena. Kiduara. Sekunde 10. Anajaribu mara ya tatu, inakubali. Kwenye jedwali la seva kuna mistari mitatu: mtungi wa kilo 15, mtungi wa kilo 15, mtungi wa kilo 15, anwani ileile, ndani ya dakika moja. Seva ilikuwa imepokea na kuhifadhi kila mara. Kilichochelewa ni jibu. Sekunde 10 ndizo OkHttp, maktaba ambayo programu inaitumia kuongea na seva, inazosubiri usipoipangia muda mwingine.

Jaribio la kwanza la kutibu: kuongeza muda wa kusubiri hadi sekunde 60. Baya zaidi. Kiduara kinachozunguka dakika nzima kinamfanya mtu aifunge programu na kuifungua upya, na oda inarudi kuwa mbili.

Jaribio la pili: kuipa kila oda namba ya pekee ya UUID, na seva kukataa UUID iliyokwisha kuingia. Wazo sahihi, utekelezaji mbovu. UUID ilikuwa inatengenezwa ndani ya kitufe, kwa hiyo kila kubonyeza kulizaa namba mpya na seva ikaona oda tatu halali. Ilichukua muda kuonekana kwa sababu msimbo ukiusoma unaona kila kitu kipo.

Jaribio la tatu, lililobaki: UUID inazaliwa fomu inapofunguliwa, inaandikwa kwenye hifadhi ya ndani ya simu pamoja na rasimu ya oda, na haifutwi mpaka seva ijibu kwamba imepokea. Seva ikiletewa UUID inayoijua hairudishi kosa. Inarudisha oda ileile iliyokwishahifadhiwa, na mteja anaona "Oda imepokelewa".

Ili kulirudia kosa bila kubahatisha, seva ya majaribio ilipewa sekunde 25 za kulala baada ya kuhifadhi na kabla ya kujibu. Ukitegemea mtandao wa pole peke yake utalipata kosa mara moja kati ya kumi na utadhani limepona.

Bado kuna hali ambayo amri za `network` haziigizi: ile ya juu ya skrini kuandikwa 4G na vijiti kujaa, huku data inapotea njiani. Emuleta inachelewesha data lakini inaifikisha. Njia iliyotumika ni kuzitupa pakiti kwenye kompyuta yenyewe:

`sudo iptables -A INPUT -i lo -p tcp --dport 8000 -m statistic --mode random --probability 0.2 -j DROP`

Kuiondoa, rudia amri hiyohiyo ukiweka `-D` mahali pa `-A`. Tumia `DROP`, si `REJECT`. `REJECT` inaijibu programu papo hapo kwamba imekataliwa. Mtandao wa mtaani haukupi heshima hiyo, unakuacha ukisubiri. Kabla ya hapo tulijaribu `tc netem` (nayo huharibu mtandao makusudi) kwenye `lo` nzima, yaani njia ya ndani ya kompyuta, na `adb` yenyewe ikaanza kukatika kwa sababu nayo inapita humo humo.

## 15 Machi 2025: umeme

Ulikatika mara mbili katikati ya majaribio, na betri ya laptopu ya mtumba ina dakika sita. Uliporudi, `kati30` ikakataa kuwaka ikidai tayari inaendeshwa kwingine. Ndani ya `~/.android/avd/kati30.avd/` yalibaki mafaili yanayoishia na `.lock`. Hakikisha hakuna mchakato wa emuleta uliobaki hai, kisha yafute. Mara ya pili picha ya hali iliyohifadhiwa nayo ilikuwa imeharibika; `-no-snapshot-load` iliivusha.

UPS (betri ya akiba) ya VA 650: TSh 165,000. Ingenunuliwa siku ya kwanza.

## 18 Machi 2025: emuleta ina kumbukumbu kuliko inavyotakiwa

Emuleta ikizimwa kawaida huhifadhi hali yake yote na kuirudisha kesho yake. Ni rahisi, na ndiyo iliyoficha kosa kwa wiki mbili. Ruhusa ya mahali ilikuwa imetolewa siku ya kwanza ikabaki. Hakuna aliyeuona tena ukurasa wa mteja mpya.

Tulipoendesha `adb shell pm clear tz.mfano.gesi`, inayofuta data na ruhusa kwa pamoja, ukurasa ukarudi na ubovu wake ukaonekana. Kwenye Android 11 mtumiaji akikataa ruhusa mara mbili, mfumo hauulizi tena kamwe. Programu yetu ilikuwa inaomba ruhusa, inakataliwa, inaomba tena hapohapo, inakataliwa, kisha inabaki na skrini nyeupe tupu. Sasa inaeleza kwanza kwa sentensi moja kwa nini inataka mahali, na ikikataliwa inaruhusu mteja aandike mtaa na alama ya karibu kwa mkono. Kwa kweli wateja wengi wa Mbagala wataelekeza kwa "nyuma ya msikiti, geti la bluu" hata wakiwa na GPS, kwa hiyo sehemu hiyo ilipaswa kuwepo tangu mwanzo.

Kanuni iliyowekwa: kila kipimo cha mteja mpya kinaanza na `pm clear`. `-no-snapshot-load` haifuti data, inaiwasha simu upya tu. Inayofuta kila kitu ni `-wipe-data`.

Siku hiyohiyo tulipima mfumo unapoifuta programu kwenye RAM:

`adb shell input keyevent KEYCODE_HOME`
`adb shell am kill tz.mfano.gesi`

Amri ya pili inaiua programu iliyo nyuma tu, ndiyo maana ya kwanza inatangulia. Oda iliyojazwa nusu ilipotea. Kwenye simu ya GB 1 hii si ajali adimu. Mteja akitoka kusoma meseji na kurudi, programu inaweza kuwa imeshaondolewa. Rasimu ile ya UUID ya tarehe 12 ikatumika kutibu na hili.

## 21 Machi 2025: boda yuko Uhispania

Kuiambia emuleta ipo wapi ni `adb emu geo fix`, ikifuatiwa na namba mbili. Ukinakili mahali kutoka kwenye ramani utapata latitudo kwanza: -6.82, 39.275, Kariakoo. Tukabandika hivyohivyo. Programu ikamwonyesha boda magharibi mwa Uhispania, karibu na mpaka wa Ureno, na kwa bei ya TSh 500 kwa kilomita ikakadiria kupeleka mtungi mmoja Mbagala kwa zaidi ya TSh milioni 3.

`geo fix` inataka longitudo kwanza. Sahihi ni:

`adb emu geo fix 39.275 -6.82`

Kosa lilikuwa la mpimaji, lakini programu nayo haikuwa na haki ya kulikubali. Sasa inakataa nukta yoyote iliyo nje ya latitudo -12 hadi -0.9 na longitudo 29 hadi 41, mstatili unaoizunguka Tanzania.

Safari nzima inachezwa kwa faili la GPX (orodha ya nukta za njia) kwenye vidhibiti vya ziada vya emuleta. Lilitengenezwa moja la Barabara ya Kilwa, Mbagala Rangi Tatu hadi Kariakoo. Alama ya boda ilitembea kama treni kwenye reli, bila kuruka. Hapo ndipo pa kutilia shaka: GPS ya emuleta ni safi mno. Katikati ya maghorofa ya Kariakoo mawimbi yanadunda kwenye kuta na alama inahamia mtaa wa pili na kurudi. Kwa hiyo faili la GPX liliharibiwa makusudi: kila nukta ya kumi imesogezwa nyuzi 0.003, kama mita 330. Kilomita za safari zikakaribia kuongezeka mara mbili, na malipo ya boda vivyo hivyo. Programu sasa inatupa nukta ambayo ili kuifikia boda angehitaji kukimbia zaidi ya kilomita 120 kwa saa, na ile ambayo simu yenyewe inakiri usahihi wake unazidi mita 50.

## 26 Machi 2025: saa

Kichaguzi cha saa cha Android kinaonyesha saa za Kizungu. Mteja anayetaka gesi saa 2 asubuhi anachagua 2:00, na seva inapokea saa 8 usiku. Kubadilisha lugha ya simu kuwa Kiswahili kunabadilisha maneno tu, saa hazisogei.

Kuonyesha ni rahisi: chukua saa ya mfumo, ongeza 6, gawanya kwa 12, baki ndiyo saa, baki likiwa 0 andika 12. Saa 20 inakuwa 2, saa 6 inakuwa 12. Neno linalofuata linatoka kwenye saa ya mfumo: 4 na 5 alfajiri, 6 hadi 11 asubuhi, 12 hadi 15 mchana, 16 hadi 18 jioni, zilizobaki usiku.

Kupokea ndiko kugumu. Kichaguzi kikaondolewa kabisa. Badala yake kuna vitufe vitatu: "Asubuhi, saa 2 hadi 4", "Mchana, saa 6 hadi 8", "Jioni, saa 10 hadi 12". Kwa wakaanga chipsi kuna cha nne cha usiku, na hicho ndicho kilicholeta kosa la mwisho. Ili kulikuta, saa ya `kati30` ilisogezwa:

`adb root`
`adb shell settings put global auto_time 0`
`adb shell date 031600302025.00`

Yaani 16 Machi 2025, nusu saa baada ya saa 6 ya usiku. Programu iliandika "Jumapili saa 6:30 usiku". Kwa kalenda ya mfumo ni sawa. Kwa msomaji wa Dar ni usiku wa Jumapili, saa 24 baadaye. Kuanzia saa 6 usiku hadi kabla ya alfajiri sasa inaandikwa "usiku wa kuamkia Jumapili".

## 2 Aprili 2025: SMS ya uthibitisho

Google Play inabana sana programu zinazoomba ruhusa ya kusoma SMS zote, kwa hiyo inatumika njia isiyohitaji ruhusa: ujumbe unaishia na alama 11 zinazoitambulisha programu, na huduma za Google Play zinaikabidhi programu ujumbe huo tu. Kwenye emuleta:

`adb emu sms send 0700000000 "Namba yako ni 482913. Usimpe mtu. k3Zq8+TdLwA"`

Ilisomwa mara moja. Kisha yakafuata matatizo manne.

Moja: mwandishi wa ujumbe aliongeza maneno ya kumkaribisha na kumshukuru mteja mpaka ukavuka baiti 140. Huduma ikaupuuza bila kosa lolote, programu ikasubiri dakika 5 mpaka muda ukaisha. Ufupishe.

Pili: alama 11 zinatokana na jina la pakiti na ufunguo uliotia saini programu. Toleo la majaribio lina ufunguo wake, toleo la wateja lina wake. Seva ilikuwa inatuma za majaribio kwa kila mtu. Sasa programu inaitumia seva alama zake wakati wa kuomba namba, na seva inazilinganisha na orodha ya zinazokubalika.

Tatu: konsoli ya emuleta inakubali namba tu mahali pa mtumaji. SMS za biashara huku zinakuja kwa jina. Msimbo uliokuwa unachuja kwa jina la mtumaji haukuwahi kupimwa, na ulikuwa na kosa la herufi kubwa na ndogo. Umefutwa, alama 11 zinatosha.

Nne halikuonekana kwenye emuleta hata kidogo, lilionekana kwenye ankara. Ujumbe wa mtungi kufika unasema: "Mtungi wako wa kilo 15 umefika. Usiing’oe sili kabla ya kupima uzito mbele ya mpelekaji. Asante." Hauzidi herufi 100, ilhali SMS moja ina nafasi ya 160. Bado kila mmoja ulitozwa kama SMS mbili. Mkosaji ni kile kipindo cha ng’: kilinakiliwa kutoka kwenye programu ya kuandikia barua, kikiwa kimepinda. Alama hiyo haimo kwenye orodha ya herufi za kawaida za SMS, na moja tu ikiwepo ujumbe wote unahamia kwenye mfumo wenye nafasi ya herufi 70. Ikawekwa iliyonyooka ('), gharama ikarudi nusu. Jaribio sasa linapitisha kila ujumbe na kukataa alama iliyo nje ya orodha.

SMS za majaribio kwenye simu halisi: TSh 30,000.

## 5 Aprili 2025: kitufe kilichozama

`adb shell wm size 480x960`, `adb shell wm density 240` na `adb shell settings put system font_scale 1.3`: skrini ndogo, maandishi makubwa, kama wanavyoweka wazee. "Thibitisha malipo" ikakatika ikawa "Thibitisha mal". Kiswahili kinataka upana. Usipime vitufe kwa Kiingereza.

Baya zaidi halikuonekana mpaka tulipoandika `adb shell settings put secure show_ime_with_hard_keyboard 1`. Emuleta inatumia kibodi ya kompyuta, kwa hiyo ile ya skrini haitokei. Ilipotokea ikakifunika "Tuma oda" chote, na ukurasa haukuweza kuvutwa juu. Mwezi mzima hakuna aliyejua.

## 11 Aprili 2025: simu halisi

Simu mbili za mtumba: moja ya Android 8.1 yenye GB 1 (TSh 110,000) na moja ya Android 13 (TSh 190,000). Data: TSh 10,000.

Ya kwanza haikukubali hata kusakinisha: `INSTALL_FAILED_NO_MATCHING_ABIS`, yaani hakuna maktaba za aina ya kichakataji chake. Ili kupunguza ukubwa wa faili, toleo lilikuwa limebeba maktaba za `arm64-v8a` (simu za biti 64) na za x86 (kichakataji cha kompyuta na cha emuleta) tu. Simu hii ni ya biti 32. Emuleta zote zilikuwa x86, zisingeweza kulisema hilo. `armeabi-v7a` imerudishwa.

Kwenye ya pili, boda alipotea kwenye ramani dakika chache baada ya skrini kuzima. Kwenye emuleta hali ya usingizi ilikuwa imepimwa kwa `dumpsys battery unplug` na `dumpsys deviceidle force-idle`, ikapita. Lakini emuleta ni Android isiyoguswa. Watengenezaji wengine wa simu wanaongeza kiokoa betri chao kinachofunga programu bila kufuata utaratibu huo. Sasa boda akianza safari inawashwa huduma ya mbele (inayoendelea hata skrini ikizima) yenye arifa ya kudumu, "Unapeleka oda 1". Kwenye Android 13 arifa nayo inahitaji ruhusa, na ikikataliwa huduma inaendelea bila kuonekana kwenye orodha ya arifa. Kwenye simu hii ilibidi pia kuitoa programu kwenye orodha ya kiokoa betri kwa mkono. Maelekezo yenye picha yamewekwa ndani ya ukurasa wa boda.

Malipo hayakuguswa kwenye emuleta. Kisanduku cha namba ya siri ya kulipa kwa simu kinatoka kwenye laini, na emuleta haina laini ya huku: inajitambulisha kama simu ya Marekani, msimbo wa nchi kwenye laini 310, wakati Tanzania ni 640. Ndiyo maana pia fomu ya usajili ilikuwa ikitanguliza +1. Sasa +255 imewekwa moja kwa moja, na namba ikiandikwa 07, 2557 au +2557, yenye nafasi au isiyo nazo, inageuzwa kuwa aina moja.

Jumla hadi leo: TSh 595,000, bila ada ya dola 25 ya akaunti ya Google Play.

## 14 Aprili 2025: alama za tatu

Toleo la majaribio ya ndani limepanda Google Play. Uthibitisho ukagoma kwa wote walioshusha kutoka dukani, ilhali faili lileile lililowekwa kwa waya linasoma SMS vizuri. Google Play hutia saini upya kwa ufunguo inaoutunza yenyewe, kwa hiyo alama 11 ni nyingine tena. Zimechukuliwa kwa kusakinisha kutoka dukani na kusoma kumbukumbu za seva, ambayo ilikuwa imezikataa na kuziandika. Orodha ya seva sasa ina mistari mitatu: ya majaribio, ya kupandishia, ya dukani. Ya majaribio imefungwa isifanye kazi kwenye seva ya wateja.

Kilichobaki wazi: `mpya35` na kurasa zinazojaa hadi chini ya vitufe vya mfumo.